Paukwa Bila Pakawa

Ngano ya Kiswahili haianzi mpaka wasikilizaji wairuhusu. Fanani husema "Paukwa," kisha hunyamaza. Watoto wakiitikia "Pakawa," ndipo huendelea. Wasipoitikia, hana hadithi. Kwingine husemwa "Hadithi! Hadithi!" na kujibiwa "Hadithi njoo," lakini mkataba ni ule ule. Unamkumbusha msimulizi kwamba kisa si mali yake peke yake, na kwamba mtoto aliyeketi jamvini ana haki ya kuuliza, ya kukatiza, ya kudai wimbo urudiwe, hata ya kukataa mwisho asioupenda. Bibi aliyesimulia vibaya jana ataambiwa leo, na asipojirekebisha, kesho watoto watalala mapema.

Kwa muda wa miaka kumi na mitano sasa, hadithi za watoto zinazojulikana zaidi duniani zimekuwa zikisimuliwa upya na watu wasiosubiri kuitikiwa. Mwaka 2010 kampuni ya Disney ilitoa filamu mpya ya Alice in Wonderland, iliyoongozwa na Tim Burton. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1, na mlango ukafunguka. Zikafuata Cinderella mwaka 2015, The Jungle Book 2016, Beauty and the Beast 2017, kisha Dumbo, Aladdin na The Lion King katika mwaka mmoja wa 2019, Mulan 2020, Pinocchio 2022, The Little Mermaid 2023 na Snow White 2025. Zote ni marudio ya hadithi ambazo kampuni hiyo hiyo ilikwisha kuzitengenezea katuni. Nje ya sinema, wamiliki wa vitabu mashuhuri vya watoto nao wamekuwa wakivifanyia marekebisho na kuviuza tena.

Mabishano juu ya kazi hizi yamekuwa makali, na yameganda katika kambi mbili. Kambi ya kwanza inalia kwamba utoto wake umeibwa: hadithi za kale zisiguswe, neno lisiongezwe wala lisipunguzwe. Kambi ya pili inajibu kwamba nyakati zimebadilika, kwamba hadithi za zamani zimejaa dharau kwa wanawake na kwa watu weusi, na kwamba kuzisafisha ni wajibu. Kambi ya kwanza imejichafua vibaya njiani. Halle Bailey, mwigizaji mweusi, alipopewa nafasi ya nguva katika The Little Mermaid, wengi waliojitokeza kwa jina la kumlinda Hans Christian Andersen hawakuwa wakilinda fasihi yoyote. Walikuwa wakilinda rangi. Nguva wa Andersen, wa mwaka 1837, haolewi na mwanamfalme. Anageuka povu la bahari, kisha anapokewa na mabinti wa hewa. Waliomsamehe Disney kwa kuutupa mwisho huo mwaka 1989 hawakumsamehe kwa kubadilisha ngozi mwaka 2023.

Hata hivyo, upotovu wa kambi moja hauipi haki kambi nyingine. Zote mbili zinabishana juu ya swali moja tu, iwapo hadithi ibadilishwe au isibadilishwe, na swali hilo si lenyewe. Hadithi zimebadilika tangu watu waanze kusimuliana. Kosa la marudio haya ni jingine: yanasimulia bila msimulizi wa kuwajibika, kwa hadhira isiyopewa nafasi ya kujibu, na lengo lake ni kuudumisha umiliki wa hadithi kuliko kuihuisha.

Mfano ulio wazi wa hadithi iliyobadilika kwa haki unatoka Italia. Carlo Collodi alianza kuchapisha kisa cha kikaragosi Pinocchio mwaka 1881, sehemu baada ya sehemu, katika gazeti la watoto lililotolewa Roma. Katika sura ya 15 kikaragosi ananyongwa juu ya mti wa mwaloni, na hadithi ikaishia hapo. Wasomaji hawakukubali. Walitaka kisa kiendelee, na mwandishi akasihiwa arudi. Mwaka uliofuata Collodi alimfufua kikaragosi wake, akaandika sura nyingine 21, na kitabu kamili kikatoka mwaka 1883. Yote ambayo dunia inayakumbuka kuhusu tumbo la samaki mkubwa na mtoto wa mti aliyegeuka mtoto wa nyama yamo katika sura hizo za nyongeza. Watoto waliitikia, na msimulizi alisikia.

Disney alipokitwaa kisa hicho mwaka 1940 alikibadilisha sana. Nyenje anayemwonya Pinocchio, ambaye Collodi alimuua kwa nyundo katika sura ya 4, aligeuzwa kuwa mshauri mwenye kofia na mwavuli. Mtu anaweza kuyapenda mabadiliko hayo au kuyachukia, lakini hawezi kukana kwamba yalifanywa na watu waliothubutu. Filamu ile haikurudisha gharama zake ilipotoka mara ya kwanza, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga masoko ya Ulaya.

Mwaka 2022 kikaragosi huyo alirudi mara mbili. Filamu ya Disney, iliyoongozwa na Robert Zemeckis, ilimrudisha akiwa amevaa mavazi ya mwaka 1940 na kuimba nyimbo za mwaka 1940. Filamu ya Guillermo del Toro ilimpeleka katika Italia ya Mussolini, mahali ambapo kila mtu anaamrishwa kutii, na ikauliza kama mtoto mtukutu siye mwenye utu kuliko wote mjini. Del Toro alifanya mageuzi makubwa kuliko mwenzake, na bado ndiye aliyemkaribia Collodi zaidi, kwa sababu alikuwa na jambo la kusema kwa sauti yake. Ikumbukwe kwamba fedha za filamu yake zilitoka Netflix, kampuni kubwa kama nyingine. Kwa hiyo fedha hazitoshi kueleza tofauti ya kazi hizo mbili. Moja ina mtu ndani yake, na nyingine ina hesabu.

Waswahili wenyewe ni mafundi wa zamani wa kazi hii ya kusimulia upya. Mwaka 1697 Charles Perrault wa Ufaransa alichapisha kisa cha paka aliyevaa buti, mnyama mwerevu anayemtoa bwana wake katika ufukara, anamdanganya mfalme na kumwoza bwana wake binti wa mfalme. Bwana anakuwa mtukufu, paka naye anakuwa mtukufu, na hakuna anayeulizwa kitu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyo wa ngano alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, na ndani yake kimo kisa cha Sultani Darai. Wataalamu wa ngano wamekihesabu kuwa ndugu wa kisa cha paka. Lakini tazama fanani wa Unguja alivyokifanya.

Maskini mmoja anaishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Majirani wanamcheka. Paa yule anaokota almasi malishoni, anaipeleka kwa sultani, anasema imetoka kwa bwana wake, Sultani Darai, anayetaka kumwoa binti wa mfalme. Anamwogesha bwana wake mtoni, anamvisha, anamwoza. Anakwenda kumuua nyoka mwenye vichwa saba ili bwana wake apate jumba. Mpaka hapa ni kisa cha paka kwa sura nyingine. Kisha paa anaugua. Anaomba atazamwe, na bwana wake, aliyelala juu ya godoro la hariri alilopewa na paa huyo huyo, anasema apewe uji wa mtama. Mke anamsihi, haisikii sauti yake. Paa anakufa kwa uchungu na anatupwa kisimani. Usiku ule mke anaota yuko kwao, na mume anaota yuko jaani anachakura. Wanapoamka, kila mmoja yuko pale alipoota.

Huyo ndiye msimulizi. Hakuna ajuaye jina lake, na hakuna kampuni iliyomlipa, lakini alikichukua kisa kilichozunguka dunia na kukiuliza swali ambalo Perrault hakuliuliza: mnyama aliyekupa kila kitu, wewe ulimpa nini? Alikibadilisha mwisho wake wote, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu alikuwa akiwajibika mbele ya watu waliokaa naye uso kwa uso, watu waliojua kwamba fadhila ya punda ni mateke na walitaka kuona mateke hayo yakilipwa.

Kwa nini basi kampuni yenye uwezo wa kuajiri mwandishi yeyote duniani irudie kile ambacho tayari inacho? Jibu liko katika sheria kuliko katika sanaa. Sehemu kubwa ya umaarufu wa mwanzo wa Disney ulitokana na hadithi zisizo na mwenyewe: Snow White ya ndugu Grimm, Cinderella ya Perrault, kikaragosi wa Collodi. Zilikuwa mali ya umma, kama maji ya kisima cha kijiji, na hapakuwa na ubaya kuyachota. Ubaya ulianza pale aliyechota alipoanza kujenga ukuta. Mwaka 1998 Bunge la Marekani, likishawishiwa na makampuni ya burudani, Disney ikiwa mstari wa mbele, liliongeza muda wa hakimiliki ya kazi za makampuni kutoka miaka 75 hadi 95. Panya Mickey, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 1928 na ambaye umbo lake la awali lingekuwa huru mwanzoni mwa 2004, alisubiri hadi tarehe 1 Januari 2024. Katuni ya Snow White ya 1937 itakuwa huru mwaka 2033. The Lion King ya 1994 itasubiri hadi 2090, wakati walioiona wakiwa watoto watakuwa wamekwisha kuzikwa karibu wote.

Marudio yanaongeza tofali juu ya ukuta huo. Kila kilicho kipya ndani ya filamu mpya, iwe sura, wimbo au mazungumzo, huanza kuhesabiwa miaka yake 95 upya. Na kinachodumu kuliko sheria ni mazoea. Mtoto akishaiona sura ya kampuni, ndiyo itakayomjia kila atakaposikia jina, hata kama kitabu chenyewe kiko huru kwenye rafu ya maktaba. Umiliki wenyewe si dhambi. Mwaka 1929 J. M. Barrie aliitunuku haki za Peter Pan hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 ikaihakikishia hospitali hiyo mrabaha usio na kikomo. Hapo hadithi iliyochotwa kwa watoto inarudi kwa watoto wagonjwa. Swali ni hilo tu: inarudisha nini?

Kwa msomaji wa Kiswahili swali hilo lina jina, na jina lake ni Simba. Katuni ya 1994 iliingia katika nyumba za Waswahili wa London, Maskati na Toronto kama jamaa aliyetoka safari ndefu. Ilikuwa na maneno ya nyumbani. Mzazi aliyechoka kumbembeleza mwanawe aseme Kiswahili alimsikia akisema rafiki bila kulazimishwa, na alifurahi, na furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini anayeijua lugha aliyaona majina yale kwa jicho lingine. Kumwita simba Simba ni sawa na kumwita mtoto Mtoto. Sarabi, jina la mama yake, ni mazigazi, maji ya uongo yanayomlaghai msafiri jangwani. Pumbaa ni kushikwa na bumbuazi. Na fisi jike anaitwa Shenzi, tusi ambalo watu wa pwani waliwatupia watu wa bara na ambalo wakoloni walilichukua na kuwatupia wote pamoja. Si jina la kuchekea katika filamu ya watoto kwa yeyote ambaye babu yake aliitwa hivyo shambani.

Mwaka 1994 hayo yangeweza kusameheka kama uzembe wa wageni. Ilipofika 2019, kampuni ilikuwa imekaa na majina hayo kwa miaka 25. Marudio yalikuwa nafasi ya kusikia Pakawa. Filamu ilitengenezwa karibu yote ndani ya kompyuta. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alieleza kwamba ni picha moja tu, ile ya kwanza, iliyopigwa kwa kamera mahali halisi. Kila unyoya ulishughulikiwa. Matukio mengi yalifuatwa hatua kwa hatua kama yalivyokuwa katika katuni. Na majina? Shenzi alibaki Shenzi. Wenzake wawili waliondolewa na nafasi zao wakapewa fisi wapya, Azizi na Kamari. Azizi ni mpenzi, mtu wa thamani. Kamari, kwa kila Mswahili kutoka Lamu hadi Lubumbashi, ni mchezo wa kubahatisha fedha. Mwaka 2024 ilikuja Mufasa, na ndani yake mwanamfalme wa ukoo wa simba, aliyezaliwa kwa heshima zote, anaitwa Taka. Kama Mswahili aliulizwa, jibu lake halionekani kwenye skrini. Filamu ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6.

Kuna la ndani zaidi ya majina. Katika ngano za pwani na bara, simba si mfalme wa haki anayesubiriwa arudi. Ni nguvu bila akili, mwenye njaa na majivuno, anayeshindwa kila mara na sungura mdogo. Watoto waliosimuliwa ngano hizo walifundishwa kumtilia shaka mwenye makucha. Filamu zinawafundisha kumpigia magoti, kwa kutumia maneno ya lugha ile ile. Si marufuku kusimulia hivyo. Kila msimulizi ana simba wake. Lakini simba wa kampuni ana mabilioni ya kumtangaza na sungura hana hata tangazo moja, na mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Leicester anaweza kufika utu uzima akimjua Simba kwa jina la ukoo bila kuwahi kusikia jinsi sungura alivyomkimbia mtini.

Halafu kuna maneno mawili maarufu, hakuna matata. Waswahili wengi hawayasemi. Wao husema hakuna shida, au hamna tabu. Yalienea kwa watalii kupitia wimbo wa Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, uliotoka mwaka 1982. Disney iliomba kuyasajili kama alama ya biashara ya nguo nchini Marekani mwaka 1994, ikakubaliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018, marudio ya The Lion King yalipokuwa yakitangazwa, waraka wa malalamiko ulisainiwa mtandaoni na zaidi ya watu laki moja. Mgala muue na haki yake mpe: usajili ule haukumkataza mtu yeyote kuyatamka maneno hayo, na baadhi ya waliosaini waliamini kwamba umekataza. Lakini kosa lao la kisheria halikuondoa ukweli wa kilio chao. Waliona kwamba lugha yao imeingia dukani kwa mlango wa mbele huku wao wakiwa nje, na kwamba hakuna dirisha la kupeleka neno.

Aliyelia kabla yao alikuwa na haki zaidi. Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu, alirekodi wimbo wa Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939. Haki zake ziliuzwa kwa shilingi kumi. Wimbo ule, kwa maneno ya Kiingereza yaliyopachikwa baadaye, ukazunguka dunia, ukaingia katika The Lion King, na Linda akafa fukara mwaka 1962. Familia yake ilifungua kesi mwaka 2004, ikitegemea sheria ya zamani ya Kiingereza iliyorejesha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Maafikiano yalipatikana mwaka 2006. Filamu ya 2019 ikauimba tena wimbo huo. Ni vigumu kulisikia jambo hili bila kumkumbuka paa na uji wake wa mtama.

Hoja ya kambi ya pili, kwamba marekebisho ni usafi, inapimwa vizuri zaidi katika vitabu. Katika toleo la 1964 la Charlie and the Chocolate Factory, Roald Dahl aliwafanya wafanyakazi wa kiwanda kuwa watu weusi wafupi waliosafirishwa kutoka msitu wa Afrika ndani ya makasha na kulipwa ujira wa kakao. Msomaji wa Afrika hahitaji kuelezwa picha hiyo inafanana na nini. Malalamiko yalitolewa Marekani, na mwaka 1973 Dahl aliwabadilisha wafanyakazi wale kuwa watu wa nchi ya kubuni. Alifanya hivyo baada ya kusukumwa, lakini alikuwa hai, alijibu, na jina lililokuwa juu ya kosa ndilo lililokuwa juu ya sahihisho.

Februari 2023 ilibainika kwamba wachapishaji wa Puffin, pamoja na kampuni inayomiliki kazi za Dahl, wamebadilisha mamia ya maneno katika vitabu vyake, miaka 32 baada ya kifo chake. Kampuni hiyo ilikuwa imenunuliwa na Netflix mwaka 2021, ingawa ukaguzi wa maneno ulianza kabla ya ununuzi. Neno nene liliondolewa, wanaume wadogo wakawa watu wadogo. Zogo lilipozuka, wachapishaji walitangaza kwamba maandishi ya zamani yatachapishwa pia, chini ya jina la mkusanyo maalumu. Mzazi achague. Hapo ndipo utupu wa jambo zima ulipojianika. Ikiwa maneno ya zamani yanawadhuru watoto, kwa nini yauzwe? Ikiwa hayawadhuru, kwa nini yalifutwa? Kampuni haikujibu lolote kati ya hayo, kwa sababu haikuhitaji. Ilikuwa na bidhaa mbili badala ya moja, tusi kwenye rafu hii na radhi kwenye rafu ile, na daftari la mauzo likipokea kutoka pande zote mbili. Msimulizi angelazimika kusema anachoamini.

Watetezi wa marudio wana hoja moja nzito, nayo haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba mzazi anayempeleka mwanawe kuiona The Lion King anampa kitu alichokipenda yeye mwenyewe, na kwamba huo nao ni urithi. Ni kweli. Wanasema pia kwamba wasichana weusi walimwona Halle Bailey na wakaona wanafanana na mtu. Hilo nalo ni kweli, na furaha yao haina doa. Lakini tazama inavyofanya kazi. Furaha ya mzazi ndiyo mtaji. Kampuni inamuuzia mara ya pili kile alichokuwa nacho, na inamzuia asigundue kwamba angeweza kumpa mwanawe kingine. Na mtoto mweusi anaazimwa nguva wa Denmark kwa sababu nguva huyo tayari ana jina sokoni, ilhali hadithi za majini na mabinti wa bahari walizonazo bibi zake zingehitaji mtu wa kuthubutu.

Kuthubutu kunawezekana hata ndani ya kuta hizo hizo. Mwaka 1997 Disney ilimpa Julie Taymor jukwaa la New York aitengeneze The Lion King kama mchezo wa kuigiza. Hakunakili katuni. Alitumia vinyago na vikaragosi na kuuacha uso wa mwigizaji uonekane juu ya uso wa mnyama, akamgeuza Rafiki kuwa mwanamke mganga, na Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini aliyekuwa ameishi uhamishoni, akaujaza mchezo sauti za kwao. Hadhira iko mbele ya waigizaji kila usiku, na ikikaa kimya, waigizaji wanajua. Kampuni ni ile ile, hadithi ni ile ile, na pale kuna msimulizi. Hii inaondoa kisingizio kwamba biashara kubwa haiwezi kufanya vinginevyo. Inaweza. Imechagua njia yenye hatari ndogo.

Kwa hiyo dai la Waswahili wa ughaibuni lisiwe kwamba hadithi za utotoni ziachwe kama zilivyokuwa. Dai hilo ni la watu waliosahau kwamba Shenzi alikuwamo tangu mwanzo. Wala lisiwe kwamba makampuni yawatengenezee filamu yenye majina yaliyosahihishwa na mtaalamu wa lugha, ingawa hata hilo lingekuwa jambo la adabu. Dai lenye uzito linawahusu wao wenyewe. Kisa cha Sultani Darai kimekuwa kikichapishwa tangu 1870, na hakimilikiwi na mtu. Ngano za sungura hazimilikiwi na mtu. Hakuna leseni inayotakiwa ili kuzisimulia katika chumba cha ghorofa ya tano Birmingham, kuziandika upya kwa mtoto ambaye hajawahi kuona jaa wala mtama, kumfanya paa azungumze kwa lafudhi ya Sharjah, kuubadilisha mwisho kama fanani wa Unguja alivyoubadilisha mwisho wa Perrault. Wasomi wanaozichambua ngano hizo katika makala zenye tanbihi mia wana deni la kuzirudisha mara moja moja zikiwa hadithi, kwa lugha ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuikatiza.

Kinachotakiwa ni mtu mzima mmoja atakayesema Paukwa na kunyamaza. Mtoto aliyezoea skrini huenda asijue la kujibu mara ya kwanza. Afundishwe.